Mbuzi Alitoka Msituni Akiwa Safi

Mimi ni mtu wa kushtuka. Wateja wangu wa cherehani pale Mwisenge, Musoma mjini, wanalijua hilo, na wananitania kwalo. Nikiwa nakata sare ya shule na mkasi ukaenda kombo kidogo tu, nasema "Jamani!" kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka, na mwenye kitambaa anakuja mbio kuangalia kama bado ana kitambaa. Bili ya maji ikiletwa nashangaa kana kwamba sijawahi kuletewa. Kwa hiyo nikisema kwamba Jumapili ile kule nyumbani Butiama nilishtuka, wanaonijua watacheka. Wacheke, lakini wanisikilize mpaka mwisho, maana siku ile hata hiyo "jamani" yangu haikutoka.

Nyumbani kwetu ni ng'ambo kidogo ya Mwitongo, chini ya kilima chenye mawe makubwa. Nilipokuwa msichana, kilima kile kilikuwa kipara. Mbuzi walikila, na kilichowashinda mbuzi kilichukuliwa na watu wa mkaa. Chemchemi iliyokuwa chini yake ilikauka, wanawake wakawa wanateka maji bonde la pili, wanapanda kilima na kukishuka na ndoo kichwani. Mimi mateso hayo sikuyaonja sana. Nilikuwa Bunda kwa shangazi, nasoma. Kaka yangu, ambaye ndiye ndugu yangu pekee, alikuwa Musoma kwenye mitumbwi ya dagaa. Likizo moja nikarudi nikakuta baba amefunga kilima. Hakuweka uzio wowote. Alizunguka tu kwa majirani akawaambia: hapa hapana mbuzi, hapana panga, hapana moto. Baba hakuwa mtu wa kurudia neno, na watu walikuwa wanamjua.

Hakupanda mti hata mmoja. Visiki vilivyokuwa ardhini vilichipua vyenyewe, migunga na milama na mikwaju miwili mitatu, na kila kisiki kilitoa matawi mengi yaliyopanda pamoja. Miaka ikaenda. Chemchemi ikarudi, kwanza kama jasho tu kwenye mawe, halafu nyembamba kama mkojo wa mtoto, mwisho ikawa inajaza ndoo wakati watu wanasalimiana. Sote tuliamini kwamba baba alipenda miti. Mimi nilikuwa nawasimulia wateja wangu kwa majivuno: mzee wetu alikuwa mtu wa mazingira kabla mazingira hayajaanza kusemwa redioni.

Sasa, mtu akifunga kilima lazima aseme siku ya kukifungua. Msitu ukiota kutoka kwenye visiki unasongamana, na ikifika wakati lazima upunguze, utoe baadhi ya miti ili iliyobaki inenepe. Tatizo ni kujua wakati wenyewe. Ukiwahi, jua linaingia, nyasi zinaota, na moto wa kiangazi unapita humo kama nyumbani kwake. Ukichelewa, miti inakabana koo. Baba alitoa kipimo chake, nacho kilikuwa mbuzi.

Kila mwaka mvua za masika zikikatika, Jumapili, tukitoka kanisani, tulimchukua mbuzi anayenyonyesha. Mwanawe alipelekwa juu ya kilima, kwenye jiwe, na mama yangu ndiye aliyemshika. Mbuzi mwenyewe tulimfungua chini, upande wa chemchemi. Mwana akilia juu, mama yake anapanda kumfuata. Akipita katikati ya msitu na kutokea juu, basi msitu bado, mapanga yakae. Akishindwa, akazunguka kwa nje kwenye mawe, basi msitu umefunga, tuanze kupunguza. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," baba alikuwa akisema, huku akicheka. "Huyo akishindwa kupita, hakuna wa kupita."

Baba alifariki, kipimo kikabaki. Na kila mwaka mbuzi alipita. Kila mwaka mama alisimama juu ya jiwe lile, mtoto wa mbuzi kifuani, akatuambia neno moja: "Bado."

Kaka ndiye aliyekuwa anaumia. Ziwa lilimchosha, akarudi nyumbani kujenga. Nyumba ya tofali ilikuwa imefika usawa wa madirisha, na alihitaji miti ya kuezekea na nguzo za baraza. Miti hiyo alikuwa anaiona kila asubuhi akipiga mswaki. "Mimi ninalala chini ya turubai na huku msitu wetu unanitazama," aliniambia kwenye simu. Alitaka pia kuchoma mkaa kwenye mabaki, na hapo ndipo mama alipokuwa anawaka. Mama anaishi peke yake mbele ya kilima kile, na maji anayokunywa ni ya chemchemi ile. Akikosea mtu kukata, mama atarudi kubeba ndoo kutoka bonde la pili, kwa magoti yale aliyonayo sasa. Kwa hiyo ugomvi wenyewe ulikuwa huo: kaka na nyumba yake, mama na maji yake, na mimi katikati, ninayeitwa na kila upande niseme neno.

Mwaka ule kaka alikwenda Bunda akamleta afisa misitu, dada mmoja kijana mwenye buti na heshima zake. Alizunguka kilima kwa nje, akachungulia hapa na pale. Ndani hakupenya.

"Shikamoo mama," alimwambia mama. "Mimi naona hii msitu imeshafunga zamani. Lakini ni msitu ya familia, na nimeambiwa mna utaratibu wenu. Jaribuni mbuzi wenu, mimi nitaangalia tu."

"Marahaba, mwanangu," mama akajibu. "Utaangalia, utaona."

Mama alipokwisha kupanda na mwana wa mbuzi, tukafungua mbuzi. Alikuwa jike jeupe, matiti yamejaa. Mwanawe alilia mara moja tu kule juu, na jike likazama msituni kama jiwe kwenye maji. Tulipanda kwa kuzunguka kwenye mawe, mimi nikiwa wa mwisho na sketi yangu ya kanisani. Tulipofika juu, mbuzi alikuwa amekwisha kufika, ananyonyesha.

"Bado," mama akasema.

Kaka alipiga jiwe teke, akaumia kidole, akazidi kukasirika. Afisa misitu alikuwa anatikisa kichwa tu. Mimi niliinama kung'oa kishonanguo kwenye sketi yangu. Kilikuwa kimeshika pindo lote, maana ukipita tu kandokando ya msitu ule majani yale yanakushona kuliko cherehani. Nikang'oa, nikang'oa, halafu macho yangu yakaangukia kwa mbuzi. Nilimpitisha mkono mgongoni, ubavuni, tumboni. Hakuwa na kishonanguo hata kimoja. Hakuwa na mkwaruzo. Mimi niliyepita nje nilikuwa nimechafuka, na yeye aliyepita katikati ya miiba alikuwa safi kama ametoka kuogeshwa.

Nikamtazama mama. Mama akatazama pembeni.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikunja sketi kiunoni, nikainama pale mbuzi alipotokea, nikaingia kwa magoti. Nyuma yangu nilimsikia mama akiniita, "We mtoto, toka humo! Kuna nyoka!" Maisha yangu yote nimeogopa nyoka, lakini sikutoka.

Ndani kulikuwa na njia, na njia ile haikuwa ya mbuzi. Ilikuwa imekatwa. Kila tawi lililotaka kuingia njiani lilikuwa limefyekwa kwa panga, mengine zamani hata vidonda vyake vimeziba, mengine juzi, bado yanatoa utomvu. Na yote yalikatwa chini chini, kwa usawa wa mtu aliyepiga magoti. Kaka aliyekuwa ananifuata aliligusa tawi moja lenye kidonda kibichi. Alilitambua panga. Lina pengo kwenye makali, na pengo lile huacha mstari kila linapokata.

"Ni Mama," alisema. "Jamani, Mama alikuwaga anatudanganya miaka yote hii?"

Hiyo "jamani" ilikuwa ya kwake. Yangu haikutoka.

Afisa misitu, aliyeingia nyuma yetu, hakuwa na habari na panga. Yeye alikuwa anatazama juu, halafu chini, halafu anavunja vijiti kwa vidole. "Angalieni," alisema. "Juu hamuoni mbingu. Chini hakuna hata jani moja la nyasi, hakuna mche. Hii yote ni fito, haijanenepa. Na hii hapa, shikeni." Alisukuma mti mrefu uliokuwa mbele yake. Ulikuwa mkavu, umekufa kitambo, gome linabanduka. Haukuanguka. Ulikuwa umeegemea wenzake hai, na wenzake wamebanana kiasi kwamba maiti haikupata pa kulala. Nilipozoea giza nikaona kwamba ilikuwa mingi ya namna hiyo. Msitu tuliokuwa tunausifu kutoka barabarani, majani mabichi yaliyotupendeza sana, ulikuwa umekufa wima kwa ndani.

Tukaendelea na njia. Katikati ya kilima ikafunguka, tukaweza kusimama. Palikuwa mahali padogo, kama pa kutandika mkeka mmoja, pamefagiliwa, na alama za ufagio zilionekana. Palikuwa na jiwe bapa. Kando ya jiwe ulisimama mlama mmoja, mti mgumu ule ambao mchwa hawauwezi, umenyooka kuliko mti wowote niliowahi kuuona kilimani kwetu. Na juu ya jiwe palikuwa na kikombe cha plastiki cha bluu.

Kikombe kile nilikinunua mimi sokoni Musoma. Mama aliniambia kwamba kilichukuliwa na mbwa. Kilikuwa na maji.

"Tokeni hapo mlipokanyaga," sauti ikasema.

Mama alikuwa ameshuka kwa upande wa juu. Alikuwa ameinama, ameshika matawi, anahema. Tuliruka wote watatu bila kuuliza. Alikuja akapiga magoti penye jiwe, akasogeza kikombe kidogo, kama mtu anayepanga vyombo mezani.

"Mama, ni nini hiki?" kaka aliuliza. Hasira yake ilikuwa imeanza kuogopa.

"Wewe ulikuwa ziwani," mama akamwambia. Akanigeukia. "Na wewe ulikuwa Bunda. Asiyekuwepo na lake halipo. Mnajua kama nilikuwaga na mimba wakati ule?"

Hatukujua. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvunja ungo, na hakuna mtu aliyeniambia kwamba mama yangu ana mimba.

"Nilikuwa natoka kuteka maji. Ndoo kichwani. Hapa hapakuwa na kitu, kilima kilikuwa kitupu, hata kijiti cha kushika hakuna. Nikateleza. Mtoto akaja hapa hapa. Hakulia." Alisema hivyo kwa sauti ile ile anayosemea habari za mahindi. "Mtoto ambaye hakulia, wakati ule hakuwaga analetwa nyumbani. Hapewi jina. Hafanyiwi kilio. Wanawake tuliokuwa pamoja walichimba, tukaweka jiwe, nikachukua ndoo yangu. Maji yalikuwa yamemwagika, nikarudi bondeni kuteka mengine."

"Ukarudi kuteka?" nilisema.

"Baba yenu angekula nini? Nilimwambia jioni, jikoni. Hakusema kitu. Kesho yake akazunguka kwa majirani, akafunga kilima."

Nilikaa chini. Nataka kusema wazi nilivyojisikia: nilijisikia kama mtu aliyeonyeshwa nyumba aliyolelewa akaambiwa haikuwa nyumba. Baba yangu hakupenda miti. Hata kivuli hakukipenda, alikuwa anaanika kiti chake juani. Miaka yote nimemsifia mazingira kwa wateja, kumbe alikuwa anamfunika mtoto wake kwa kitu pekee alichokuwa nacho. Na mama alikuwa anapita chini ya miiba kwa magoti kumpelekea maji, halafu anakuja kusimama juu ya jiwe na kutuambia bado.

"Kwa hiyo ndiyo," mama alisema, akimtazama kaka machoni. "Mbuzi nilimfungulia njia. Baba yenu alisema panga lisiingie mpaka mbuzi ashindwe. Mimi nikasema hatashindwa. Ningeacha watu wa mkaa waje kukanyaga hapa?"

Kaka alikuwa analia. Mtu mzima, mwenye mikono iliyovuta nyavu za ziwa zima. Hakujificha, akajifutia kwenye bega la shati.

Afisa misitu alikuwa amejibanza pembeni kama mgeni aliyeingia kwenye kilio asichoalikwa. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alisogea, akachuchumaa kando ya mama.

"Pole sana, mama," alisema. "Mimi sikujua. Lakini nikiondoka bila kusema nitakuwa nimekudanganya. Hii miti inakufa." Akamshika mkono, akauweka kwenye mti mkavu uliokuwa nyuma ya jiwe. Mama aliusukuma. Ukayumba, ukarudi, ukaegemea jirani yake. Akagusa mwingine, na mwingine. Alikuwa amepita humo kila siku macho yakiwa chini, kwenye njia. Sidhani kama alikuwa amewahi kutazama juu.

"Na maji?" aliuliza. "Mwaka huu chemchemi imepungua. Nilidhani ni jua."

"Kwa maji siwezi kukuahidi, mama. Miti nayo inakunywa. Ninachojua ni kwamba hii ikiachwa hivi itakauka yote, na siku moto ukiingia hautabakiza kitu. Hata hapa."

Mama alirudi penye jiwe. Nilitaka kumshika, nikaogopa. Hofu yake yote ilikuwa ya panga la mwanawe, na sasa anaambiwa kwamba kilichokuwa kinaua ni ulinzi wake mwenyewe. Kama ni mimi ningepiga mayowe. Yeye alinywa maji ya kikombe kile, yote, akakipindua kikombe juu ya jiwe.

"Nani anachagua ya kubaki?" aliuliza.

Tulikubaliana pale pale. Pande za chemchemi hazitaguswa. Mkaa hapana, na kaka mwenyewe ndiye aliyesema kabla hajaulizwa. Penye kisiki chenye matawi mengi litabaki moja au mawili, yale yaliyonyooka yenye afya, na kati ya mti na mti mtu aweze kunyoosha mikono yote miwili. Inayobaki ifungwe kitambaa, isiyofungwa ikatwe. Mama alisema atafunga yeye, na asifuatwe na mtu. Mimi nilirudi Mwisenge, nikakusanya vipande vya sketi za shule za rangi ya maruni vilivyobaki chini ya meza ya kukatia, nikampelekea gunia zima.

Niseme ukweli, nilijua atafunga miti yote. Nilimwambia hata afisa misitu ajiandae kucheka. Tulipopanda wiki iliyofuata, nilishangaa tena: mama alikuwa amefunga kwa ukali kuliko afisa mwenyewe. Alipopita alinyoosha mikono, akaacha mmoja, akahukumu wengine. Hata migunga minene kidogo, iliyopinda, hakuihurumia. Afisa alizunguka akabadilisha miwili mitatu tu. Kaka na majirani wakaanza kukata, na kadiri walivyokata jua lilikuwa linashuka vipande vipande, na ile iliyokufa wima hatimaye ilikuwa inaanguka. Ilianguka kwa mlio mdogo, kama watu waliochoka wanaokaa chini.

Mchana wakafika penye jiwe. Kaka aliinua panga, akalishusha.

"Mama," aliita. "Hii umeisahau kufunga."

Ulikuwa ule mlama ulionyooka. Haukuwa na kitambaa. Sote tulijua kwamba kwa kipimo chochote, cha afisa au cha mbuzi, huo ndio ungekuwa wa kwanza kubaki.

"Sijasahau," mama alisema. "Kata."

"Hii sikati."

"Ulikuwa unataka kilima kizima. Leo mti mmoja umekushinda?"

"Mama, ni mti wake."

"Ndiyo maana." Mama alikuja akauwekea mkono, akaupima kwa macho kutoka chini mpaka juu, kama mimi ninavyopima mtu kabla sijachukua utepe. "Umesema unataka nguzo za baraza. Huu uweke pale mbele, wageni wanapokaa. Huyu hajawahi kuletwa nyumbani."

Kaka alikata, polepole, akipumzika mara nyingi kuliko kawaida yake. Hakutaka mtu amsaidie kuubeba. Aliushusha begani peke yake kwa njia ya mawe, na mama alikwenda mbele yake, anaondoa matawi njiani.

Nyumba sasa imeezekwa. Nikienda nyumbani tunakaa barazani, na majirani wanaopita wanakaribishwa chai. Mama ana kiti chake kando ya nguzo ile, na mgeni akitaka kuiegemea, mama humwomba asogee kidogo.